Jangwa lililogeuka duka: Moab na biashara ya baiskeli

Na Mwandishi Wetu

UKIMWAMBIA mkulima wa Dodoma au Makueni kwamba wapo watu wanaosafiri maelfu ya kilometa ili wakaendeshe baiskeli jangwani, bila kubeba gunia la mkaa wala kupeleka maziwa sokoni, huenda akauliza kama watu hao wana akili timamu. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Anayeipanda kwa raha tu ni mtoto.

Lakini watu hao wapo, ni wengi, na wanalipa. Katika mji mdogo wa Moab, jimbo la Utah nchini Marekani, wao ni miongoni mwa wateja wanaoendesha maduka, gereji, migahawa na nyumba za kulala wageni. Mji wenyewe una wakazi zaidi ya 5,000 tu, sawa na kijiji kikubwa cha huku kwetu.

Mvua ya Moab ni kama milimita 230 kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata zaidi ya milimita 500. Mto Colorado unapita pembeni mwa mji, lakini ukitoka bondeni unakuta mawe mekundu, mchanga na vichaka vifupi. Mkulima akitazama ardhi hiyo haoni pa kupanda hata mtama. Basi watu wa huko wamewezaje kuvuna?

Soko la urani lilipoanguka

Moab haukuanza na baiskeli. Mwaka 1952 mtafiti wa madini aitwaye Charlie Steen aligundua urani nyingi kusini mwa mji huo. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikiitafuta urani kwa udi na uvumba kwa ajili ya silaha za nyuklia. Watu wakamiminika. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu wapatao 1,300. Kufikia mwaka 1960 walikuwa karibu 4,700.

Kama ilivyo kwa kila mji unaotegemea zao moja, siku ya kilio ilifika. Mahitaji ya urani yalishuka, bei ikaanguka, na mwaka 1984 kiwanda cha kusafishia madini kilifungwa. Familia zikafunga mizigo na nyumba zikabaki zikitafuta wanunuzi. Mkulima wa mkonge au pareto anayekumbuka bei zilipoporomoka anaijua hali hiyo bila kusimuliwa.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1983, ndugu wawili, Bill na Robin Groff, walipofungua duka la baiskeli mjini hapo. Baiskeli za milimani, zenye tairi nene na giya nyingi, ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni. Nje ya mji kulikuwa tayari na njia iitwayo Slickrock, iliyowekwa alama mwaka 1969 na waendesha pikipiki juu ya miamba mitupu ya mchanga. Wateja wa duka walipoijaribu kwa baiskeli waligundua kwamba tairi linashika mwamba huo vizuri ajabu. Habari zikasambaa, picha zikatoka magazetini, na wageni wakaanza kuja.

Njia zisizo na msongamano

Mwendesha baiskeli anayetoka mji mkubwa anakimbia kitu kimoja hasa: magari. Anataka siku nzima apite bila kusikia honi wala kuvuta moshi. Hicho ndicho Moab inachouza.

Njia maarufu ya safari ndefu ni White Rim, yenye urefu wa kilometa 160 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara hiyo ya vumbi ilichongwa miaka ya 1950 ili kuwafikisha watafutaji urani makorongoni. Magari machache yanaruhusiwa, lakini kila anayeingia, awe na gari au baiskeli, lazima awe na kibali, na idadi ya vibali kwa siku ina kikomo. Wengi huimaliza kwa siku tatu au nne, wakilala kwenye mahema. Kwa asiyetaka shida hiyo ipo njia ya lami ya baiskeli na waenda kwa miguu, inayotoka mjini, kuvuka mto Colorado kwa daraja lake lililofunguliwa mwaka 2008, hadi lango la Hifadhi ya Arches. Humo gari haliingii kabisa.

Nani anayepata?

Mwamba wenyewe haulipi chochote. Pesa inapatikana katika huduma zinazouzunguka. Kuna mwenye duka anayekodisha baiskeli kwa siku. Kuna fundi wa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kubadilisha cheni. Kuna mwenye gari anayewapeleka wageni mwanzo wa njia na kuwapokea mwisho. Kuna kampuni za kuongoza safari, ambazo gari lao hutangulia na maji, chakula na mahema, mgeni akapedali akiwa mwepesi. Kuna mama wa mkate, mwenye mgahawa, na mwenye vyumba vitatu vya wageni.

Hizi ni kazi za mitaji midogo, na kila moja inaishika mkono nyingine. Mgeni akikosa fundi hatarudi, na asiporudi mwenye mgahawa naye analala njaa.

Maji kwanza

Biashara hii ina hatari yake. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, ndiyo maana msimu mzuri ni machipuko na vuli. Kwenye White Rim hakuna bomba wala kisima. Ushauri wa wahifadhi ni kila mtu abebe walau lita nne za maji kwa siku, na kwa anayefanya kazi ngumu juani hata hizo zaweza kupungua. Simu haishiki sehemu nyingi. Asiyepanga vizuri anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo mwongoza safari mzuri kwanza huuza usalama, mandhari hufuata.

Udongo ulio hai

Jambo moja la huko linamhusu mkulima moja kwa moja. Katikati ya vichaka kuna udongo wenye ganda jeusi, lenye vinundu, mithili ya ukoko wa wali. Ganda hilo ni uhai: vijidudu, kuvu na vimea vidogo vilivyofungamana. Linashikilia mchanga usipeperuke, linatunza unyevu, na baadhi ya vijidudu vyake huvuta naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi, kama zifanyavyo bakteria wa mizizi ya maharage. Tairi moja likipita juu yake linalivunja, na kupona kwake kunaweza kuchukua miongo ya miaka. Hivyo sheria kuu ya waendeshaji ni kubaki njiani. Mfugaji aliyeona ng'ombe wakikanyaga malisho mpaka yakawa vumbi ataelewa.

Upande wa pili wa shilingi

Si kila kitu ni asali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walifurika kuzunguka njia ya Slickrock, wakapiga kambi ovyo na kuacha taka. Wilaya na mamlaka ya ardhi ya serikali zikaungana, zikaanza kutoza kiingilio, na fedha hizo zikatumika papo hapo kujenga vyoo, kupanga kambi na kulipa wahudumu. Somo hapo ni kwamba ada ikibaki inapokusanywa, anayelipa huona matunda yake.

Tatizo lililo gumu zaidi ni makazi. Nyumba zimepanda bei kwa sababu ya wageni, kiasi kwamba wengi wanaowahudumia wageni hao hawamudu kodi ya pango. Na urani nayo iliacha deni: mabaki ya kiwanda, zaidi ya tani milioni 14, yalirundikwa kando ya mto Colorado, na kazi ya kuyahamisha kwa treni ilianza mwaka 2009. Utajiri wa miaka 30 umehitaji usafi wa miaka mingi.

Tunajifunza nini?

Si kila eneo kame litapata watalii wa baiskeli, na anayekopa benki leo kununua baiskeli 20 bila kujua mteja atatoka wapi atajuta. Ndugu wale walianza na duka moja, katika mji uliokuwa unakimbiwa, wakatumia njia iliyokuwepo tayari.

La msingi ni kuitazama upya ardhi uliyonayo. Inayokataa mahindi huenda ina kitu kingine ambacho mtu wa mbali yuko tayari kukilipia: ukimya, anga pana, au njia isiyo na gari. Ukikigundua, kitunze na weka kikomo mapema. Na usikitegemee peke yake, maana Moab walishategemea kitu kimoja, na wanajua kilichowapata.