Mfarishi wa Viraka na Daftari Lake



Katika safari zangu za ukaguzi, makatibu kadhaa wamenikuta jioni kwenye nyumba ya wageni nikiwa na sindano mkononi na vipande vya vitambaa magotini, wakacheka. Siwalaumu. Lakini huku kwetu Kamunyonge wanaume si wageni wa cherehani, na mabaki yanayoanguka miguuni pa mafundi wa barazani ndiyo mtaji wangu. Na mwenye kudhani kwamba jambo hili haliuhusu ushirika, afahamu kuwa mwaka 1966 akina mama Weusi wa jimbo la Alabama, Marekani, waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee kwa kazi hii hii ya kuunga viraka.

Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu: juu ni viraka vilivyoungwa, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Matabaka hayo hushikizwa kwanza kwa bandi, kisha hushonwa pamoja kwa mistari ipitayo yote matatu. Maelezo ni mafupi, ila kazi yenyewe huchukua miezi. Nimekwisha kumaliza mifarishi minne kwa miaka sita, na hakuna hata mmoja usio na kasoro.

Wa kwanza ulichuja rangi. Niliunga kitenge kipya chekundu na shuka nyeupe bila kuviloweka, na ulipofuliwa mara moja tu, weupe ukageuka waridi. Nilicheka, nikautoa uwe wa kukalia watoto uani. Sikuandika neno lolote.

Wa pili niliujaza pamba iliyochambuliwa, nikaipitishia mistari iliyoachana kadiri ya shibiri moja. Majini pamba ilikimbilia pembeni ikafanya mabonge. Siku hizi mistari yangu haiachani zaidi ya upana wa vidole vitatu.

Wa tatu ndio uliniumiza. Mama alipofariki aliacha sanduku la khanga. Ndugu zangu waligawana zilizo nzima, nami nikaomba zilizochakaa. Nilikata taratibu, nikikwepa palipotoboka na kuyahifadhi majina yaliyokuwa bado yanasomeka. Kazi ilipokamilika niliona kingo zimelegea, nikanunua kitambaa chekundu kipya na kuzungushia pindo. Mnajua kilichofuata. Khanga zile, ambazo Mama alikuwa amezifua kwa miaka mingi bila kuziharibu, mimi nilizitia madoa kwa asubuhi moja.

Nimewahi kukiandikia chama kimoja hoja ile ile miaka mitatu mfululizo, juu ya stakabadhi zisizo na sahihi ya mpokeaji. Kila mwaka katibu hukiri kosa, kisha taarifa hufungiwa kabatini. Siku ile, huku nikikamua mfarishi wa Mama, nilimkumbuka katibu yule, nikaona haya.

Ndipo nilipoanza daftari. Kila mfarishi una kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto huandikwa kabla ya mkasi kugusa kitambaa: kimetoka wapi, kimelowekwa mara ngapi, vipande vina kipimo gani. Wa kulia huandikwa baada ya kufua mara ya kwanza, si baada ya kushona, kwa maana kasoro nyingi za nguo hujificha mpaka zipate maji: rangi huchuja, kitambaa kimoja hurudi na kingine hakirudi. Na sharti langu ni kusoma kurasa zote za kulia zilizotangulia kabla ya kukata.

Daftari halizuii makosa mapya. Mfarishi wa nne haukuchuja wala haukufanya mabonge, lakini ulipungua kipimo. Nilikuwa nimezidisha mshono kwa milimita 3 tu kila upande wa kipande, jambo ambalo jicho halioni. Safu yenye vipande 12 hupoteza hivyo milimita 72, yaani zaidi ya sentimita 7. Mweka hazina yeyote aliyewahi kukesha akitafuta upungufu wa senti ataelewa.

Dawa ya kasoro hiyo nimeipata kwa Wasiddi wa Karnataka, nchini India, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona mifarishi waiitayo kawandi. Hawaungi viraka kando kisha kuvitandika. Huanza ukingoni mwa kitambaa cha chini, wakashona kiraka juu ya kiraka wakielekea katikati. Kipimo huwekwa na kitambaa cha chini tangu mwanzo, na kiraka kikizidi hukunjwa tu. Pembeni huweka kipande kidogo kilichokunjwa, waitacho ua.

Wa tano nitaushona kwa njia hiyo. Ule wa Mama nimeufumua pindo, na sasa uko kitandani kwa binti yangu. Viraka viwili havikutakata.

Kitambaa chekundu cha huu mpya kimo beseni uani. Nimemwaga maji mara tatu, na ya nne bado yana wekundu.