Mtu wa labo ajue na kuhesabu

Hapa Lubumbashi tuko na mazoea ya kufikiri kama kazi ya mtu wa labo ni paka mikroskopi na koti nyeupe. Ordinatere tunaiachia mtu mwingine. Siye tunaona mazoea hayo yanaumiza wagonjwa.

Tuchukue mfano. Labo inapima mikojo mwaka muzima, majibu yanaandikwa mu Excel. Mmoja anaandika «E. coli», mwingine «E.coli», wa tatu «Escherichia coli». Kwa mtu ni mikrobe moja, kwa ordinatere ni tatu. Kisha munganga anauliza: antibiotike gani haiue tena mikrobe hii mu muji wetu? Anapewa hesabu ya uongo, na mgonjwa anameza dawa ya bure.

Hata inchi tajiri zinaangukia hapo. Mu 2020, Uingereza, faili za Excel za aina ya zamani zilijaa: karibu wagonjwa 16 000 wa Covid hawakuhesabiwa kwa wakati, na watu waliokutana nao wakachelewa kuonywa.

Lakini inchi yetu imeonyesha njia. Wakati wa Ebola ya Nord-Kivu, kuanzia 2018 mupaka 2020, INRB ya profesa Muyembe ilisoma maandishi ya virusi 744. Kila virusi iko na herufi karibu 19 000. Nani atazilinganisha kwa macho? Ordinatere njo ililinganisha, na timu zikapata kujua ugonjwa unapita wapi, mlipuko ukiwa bado unaendelea.

Basi tufundishe namna gani? Tusianze na maneno makubwa. Tuanze na tablo ya labo yao wenyewe: mustari mmoja kwa kipimo kimoja, jina moja kwa mikrobe moja, tarehe za namna moja, na faili ya kwanza isiguswe. Kisha tuingie mu R, programu ya bure; ukiisha kuiweka mu ordinatere, inatumika hata bila intaneti. Kila hatua inabaki imeandikwa, mwenzako anaweza kuikagua.

Tungependa wanafunzi wa UNILU na wa shule za ufundi wa afya waanze mapema, wasingoje siku ya kuandika memware. Kolera ikitokea tena kando ya ziwa Moero, kule Kilwa ao Pweto, haitangoja mutu wa kuhesabu atoke mbali.