Mpira wa Kikapu wa Marekani: Je, Utamu Umepungua?

Wako miongoni mwetu vijana, na watu wazima pia, ambao katika miezi ya baridi ya Marekani huukatiza usingizi wao saa tisa na nusu za usiku ili kutazama mpira wa kikapu. Mechi inayoanza New York saa moja na nusu za jioni hutufikia sisi watu wa visiwani jogoo hajawika bado, na wavuvi ndio kwanza wanatayarisha nyavu zao. Mtu aliyetoa usingizi wake ana haki ya kuuliza amepata nini badala yake. Na swali linaloulizwa mabarazani sasa, kama linavyoulizwa huko Marekani kwenyewe, ni hili: je, ligi ile ya kulipwa iitwayo NBA imepoteza utamu wake wa zamani?

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahili kujadiliwa katika safu hii. Sisi hatuoni hivyo. Watoto wetu huiga wanachokiona, na kila kiwanja cha saruji chenye pete moja iliyopinda ni shule ambayo walimu wake wako ng'ambo. Isitoshe, kisa cha mchezo huu kina funzo kwa kila mtu aliyepewa dhamana ya kutunga sheria na kuweka vipimo.

Kwanza tuwe waadilifu. Kumbukumbu ya mwanadamu huchagua. Huhifadhi asali na kuyasahau masega. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons iliishinda Minneapolis Lakers kwa pointi 19 kwa 18, kwa sababu wageni waliukumbatia mpira na kukataa kucheza, wakichelea urefu na ustadi wa George Mikan, ambaye peke yake alifunga pointi 15 kati ya zile 18. Tarehe 16 Mei 1980, Magic Johnson, kijana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza, alifunga pointi 42 katika mechi iliyoipatia Los Angeles Lakers ubingwa; lakini katika miji mingi ya Marekani mechi hiyo haikuonyeshwa ilipokuwa ikichezwa, bali ilirushwa usiku wa manane, matokeo yakiwa yamekwisha julikana. Na katika msimu wa 2003 hadi 2004, timu moja ilipata kwa wastani pointi 93 tu kwa mechi, walinzi wakisukumana na kushikana kana kwamba wako katika mieleka. Kwa hiyo anayedai kwamba zamani kila usiku ulikuwa wa sherehe, anaisifu zamani isiyokuwako.

Hata hivyo, malalamiko ya leo si ya bure. Kuna jambo limebadilika, na jambo lenyewe ni la hesabu.

Katika msimu ulioanza Oktoba 1979, ligi ile ilichora mstari wa upinde umbali wa mita 7.24 kutoka kikapuni, ukikaribia hadi mita 6.70 katika pembe za kiwanja. Afungaye kutoka nje ya mstari huo hupata pointi 3 badala ya 2. Mwanzoni wachezaji waliuona kama kichekesho. Msimu ule kila timu ilijaribu mitupo hiyo chini ya mara 3 katika mechi nzima. Msimu wa 2024 hadi 2025, wastani ulizidi mara 37, na timu ya Boston Celtics ilifika mara 48, ikitupa kutoka nje ya mstari mara nyingi zaidi kuliko kutoka ndani yake.

Sababu ni rahisi, hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuifafanua. Mtu akitupa mara 100 kutoka mbali na kufunga mara 36, hupata pointi 108. Akisogea hatua mbili ndani ya mstari, akatupa mara 100 na kufunga 42, hupata pointi 84 tu. Aliyefunga mara nyingi zaidi amepata pointi chache zaidi. Timu zilipoajiri mabingwa wa hesabu, zikaona kwamba ule mtupo wa masafa ya kati, uliomfanya Michael Jordan asifike dunia nzima, ulikuwa hasara, isipokuwa mikononi mwa wachache wenye kipaji cha pekee. Ukabaki ushauri mmoja kwa wote: ama uende hadi chini ya kikapu, ama utupe kutoka mbali, katikati hapana.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya mageuzi hayo. Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya, kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mwembamba wa mita 1.88 aitwaye Stephen Curry. Nani angeshangaa usiku ule? Tangu mchezo ulipobuniwa na James Naismith mjini Springfield mwaka 1891, hekima ilikuwa kwamba anayekaa karibu na kikapu kwa kimo chake ndiye mwenye thamani. Lakini upepo ulikuwa ukigeuka. Thabeet alikwisha toka katika ligi ile mwaka 2014, naye Curry, katika msimu wa 2015 hadi 2016, alifunga mitupo 402 ya pointi 3, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake. Hatusemi kwamba mstari peke yake ndio uliomwangusha mwenzetu. Mambo mengi huamua riziki ya mchezaji. Tunasema tu kwamba katika miaka ile michache, thamani ya mtu mrefu anayelinda kikapu ilishuka, na thamani ya mtupaji wa mbali ikapanda.

Je, hilo limeudhuru mchezo? Curry mwenyewe hakuudhuru hata kidogo. Kumwona akitupa kutoka mahali ambapo wengine hawathubutu kulikuwa ajabu. Kasoro ilianza pale kila mtu alipotaka kuwa Curry. Tarehe 28 Mei 2018, katika mechi ya kuamua nani aingie fainali, Houston Rockets, timu ya huyo Harden, ilikosa mitupo 27 ya mbali mfululizo dhidi ya Golden State Warriors ya Curry. Mara 27, na bado waliendelea kutupa, kwa kuwa hesabu iliwaambia kwamba wa 28 utaingia. Walishindwa kwa pointi 101 kwa 92. Pengine hesabu yao haikuwa na kosa. Lakini mtazamaji hakuamka usiku kutazama hesabu.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu. Chukueni mfano wa bao. Kinachowakusanya watu barazani kuwazunguka wachezaji wawili ni kutojua ni shimo gani litakalochezwa. Lau ingegunduliwa namna moja ya kuanza inayoshinda daima, bao lisingekuwa na makosa yoyote, mabingwa wake wangekuwa hodari kuliko babu zetu, na baraza lingebaki tupu. Hivyo ndivyo ulivyo mpira wa kikapu wa leo. Ustadi umeongezeka; kilichopungua ni aina. Timu 30 zinasaka jibu lile lile la hesabu ile ile, na mtu akiziba majina yaliyo juu ya fulana, aghalabu hawezi kuzitofautisha.

Ziko kasoro nyingine pia. Kila timu hucheza mechi 82 kabla ya kufika hatua ya mtoano, na timu zikaanza kuwapumzisha nyota wao hata wakiwa wazima, huku mtu aliyenunua tiketi miezi kabla akikuta nyota aliyemfuata amekaa benchi na nguo zake za kawaida. Ligi ililiona hilo, na kuanzia msimu wa 2023 hadi 2024 iliagiza kwamba anayetaka tuzo kubwa sharti acheze mechi zisizopungua 65. Katika mechi ya nyota ya tarehe 18 Februari 2024 mjini Indianapolis, upande wa Mashariki ulipata pointi 211 na wa Magharibi 186, bila mtu hata mmoja kujisumbua kulinda. Walioona mechi ya 19 kwa 18 walichoshwa na uchache. Walioona hii walichoshwa na wingi. Bao lisilogharimu jasho halina ladha.

Lakini kizuri hakikosi ila, na chenye ila hakikosi uzuri. Anayesema mchezo umekufa amtazame Nikola Jokić wa Serbia, mtu mnene wa kimo, asiyekimbia sana wala kuruka sana, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, kisha akawa mchezaji bora wa msimu mara tatu, 2021, 2022 na 2024, zaidi kwa pasi zake kuliko kwa nguvu zake. Amkumbuke Joel Embiid, mzaliwa wa Cameroon, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 2023. Toka 2019 hadi 2025, tuzo hiyo haikwenda kwa Mmarekani mzaliwa hata mwaka mmoja. Na katika miaka hiyo hiyo 7, ubingwa ulikwenda kwa timu 7 mbalimbali. Mchezo wenye milango iliyofunguliwa kwa dunia nzima, na usiokuwa na mfalme wa kudumu, hauwezi kuitwa maiti.

Tena tazameni fainali ya 2025. Katika mechi ya kwanza, tarehe 5 Juni, Indiana Pacers walikuwa nyuma ya Oklahoma City Thunder kwa pointi 15 katika robo ya mwisho. Hawakuwahi kuongoza hata mara moja, hadi ilipobaki sehemu 3 za kumi za sekunde moja, ambapo Tyrese Haliburton alifunga na kuipa timu yake ushindi wa 111 kwa 110. Na mtupo wenyewe ulikuwa wa aina gani? Wa pointi 2, kutoka ndani ya mstari, ule ule ambao hesabu iliukataza. Palipokuwa na jambo kubwa la kuchezewa, mwanadamu alifanya lililohitajika, na waliokesha hawakujutia usingizi wao.

Basi tufanyeje? Wako wanaowalaumu wachezaji kwa ubinafsi na makocha kwa woga. Sisi twaona lawama hiyo imekosewa mahali. Mchezaji anatii sheria iliyoandikwa. Ilipotokea aibu ya 1950, wenye ligi walichukua muda kuelewa kwamba mahubiri hayatasaidia. Mwaka 1954, Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alikokotoa kwamba mechi nzuri huwa na mitupo kama 120. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya, unapata 24. Ikawekwa sheria kwamba timu yenye mpira sharti itupe ndani ya sekunde 24. Wastani wa pointi za timu ukapanda kutoka 79 hadi 93 katika msimu mmoja tu. Hakuna mchezaji aliyekemewa. Kipimo ndicho kilichorekebishwa.

Leo pia dawa imo katika sheria. Mstari si maandiko matakatifu: mwaka 1994 ulisogezwa karibu, na mwaka 1997 ukarudishwa ulipokuwa. Unaweza kusogezwa mbali, ili uwe zawadi ya mabingwa badala ya posho ya kila mtu. Ugumu uko pembeni, kwa kuwa kiwanja kina upana wa mita 15.24, na kati ya mstari na ukingo imebaki nafasi ya kama mita 0.9 tu, hivyo ama kiwanja kipanuliwe, ama zile pointi 3 za pembeni zifutwe. Na mechi 82 zipunguzwe, ijapokuwa twajua kwamba si rahisi kwa ligi iliyotia saini mwaka 2024 mikataba ya televisheni ya miaka 11 yenye thamani ya dola zipatazo bilioni 76. Mwenye kuuza mechi hataki ziwe chache. Lakini ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Kwa viongozi wetu, funzo ni bayana. Watu hufuata kipimo ulichoweka. Nia uliyokuwa nayo moyoni hawaioni. Ukimlipa mchumaji wa karafuu kwa wingi wa pishi peke yake, usishangae ukikuta vikonyo vimo ndani. Kabla ya kumlaumu, kitazame kwanza kipimo.

Na kwa wanaowafundisha vijana wetu visiwani, tunalo ombi moja. Msiwaache watoto wasimame nje ya mstari kutwa nzima wakijaribu bahati. Wafundisheni pasi, ulinzi, kugeuka chini ya kikapu, na ule mtupo wa katikati uliodharauliwa. Sheria za mstari zitabadilika tena, kama zilivyobadilika zamani, na siku hiyo watakaohitajika ni wale wanaoujua mchezo mzima.