Moto uende kwenye jiwe, si kwenye maji

BUJUMBURA. Asubuhi katika mtaa wa Bwiza, sufuria la maji ya kunywa hukaa juu ya mbabula kabla ya chai. Maji ya bomba hapa husambazwa na REGIDESO kutoka Ziwa Tanganyika. Bomba likikauka, bidoni huanza kuzunguka. Januari 2023, serikali ya Burundi ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu, wakazi walikumbushwa tena kuchemsha. Moto unaua vijidudu. Hilo halina ubishi.

Kasoro huanza mfanyabiashara anapovuka na desturi hiyo hiyo Kobero, akapita Kabanga na Kahama, akafika Geita kwenye migodi ya dhahabu. Kule, hatari ya kisima inaweza isiwe kijidudu. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa na madini ya aseniki, na maji yanayopita humo huibeba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamepima vyanzo vya maji Geita na kukuta baadhi vimezidi kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango hicho, kwa Shirika la Afya Duniani na kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni gramu 10 tu katika lita milioni 1.

Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Tena ukiyachemsha maji yake, mvuke unaondoka na sumu inabaki, hivyo kikombe kinakuwa kikali kuliko kilivyotoka kisimani. Madhara huchukua miaka: madoa, ngozi ngumu viganjani na nyayoni, hata saratani ya ngozi, mapafu na kibofu.

Moto una kazi nyingine, nayo ni kuchoma jiwe. Udongo mwekundu tunaoutandaza barabarani, pamoja na boksiti, una chuma na alumini, na aseniki hupenda kunata juu ya vitu hivyo. Kwa asili madini haya yamefungia maji ndani yake. Yakichomwa, maji hayo hutoka na kuacha vitundu vidogo mno, na kila kitundu ni mahali pa sumu kushika. Madini ya chuma yenye rangi ya kutu huanza kubadilika hivyo kwenye nyuzijoto kama 300. Ukizidisha moto, vitundu hujifunga. Ndiyo maana tofali lililoiva sana la tanuru si chujio zuri, ingawa limetoka kwenye udongo ule ule.

Malighafi haiko mbali. Tanzania ina boksiti Lushoto na magnesiti Same, na mwaka 2012 watafiti walichapisha majaribio ya kuchoma boksiti, jasi na magnesiti kwa nyuzijoto 200 ili kuondoa floridi. Floridi, si aseniki. Kwa mnunuzi wa mpakani tofauti hiyo ni pesa. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimejulikana kwa chujio la mifupa iliyochomwa, ambalo linafaa kwa floridi ya kule lakini halitegemewi kwa aseniki. Anayenunua machujio ya kuuza Geita aulize yamepimwa dhidi ya sumu ipi, kwa maji ya wapi, na baada ya lita ngapi.

Swali la lita lina uzito wake. Jiwe lililochomwa hujaa, kama godauni, na likijaa linapitisha sumu bila dalili yoyote. Pia aseniki ya kisima kirefu mara nyingi huwa ya aina isiyonata kirahisi. Klorini kidogo kabla ya kuchuja huigeuza ikashika. Mwenye chujio hupima maji yanayotoka kwa vifaa vya mkononi vinavyobadilisha rangi ya karatasi, kisha hupeleka sampuli maabara kuthibitisha.

Jiwe lililokwisha kazi limebeba sumu yote ya miezi hiyo. Halimwagwi shambani, wala karibu na kisima.