Picha za kale zaanika mlima wa fedha wa Potosí

WATU wa Ulaya waliujua mlima wa Potosí, ulioko Bolivia, kupitia picha zilizochapwa vitabuni karne nyingi kabla ya kamera kubuniwa.

Fedha iligunduliwa humo mwaka wa 1545, enzi ya utawala wa Wahispania. Picha ya kwanza ilitokea katika kitabu cha Pedro Cieza de León, kilichochapishwa Seville mwaka wa 1553. Inaonyesha mlima uliochongoka na nyumba chini yake. Unapendeza, lakini umetazamwa kwa nje tu.

Nusu karne hivi baadaye, karakana ya familia ya Theodor de Bry, Frankfurt, iliupasua mlima huo. Ndani, wenyeji walio karibu uchi wanachimba kwa mwanga wa mishumaa, wengine wakipanda ngazi na mizigo mgongoni.

Wachoraji hao hawakuwa wameukanyaga mji huo. Walitegemea maandishi ya kasisi José de Acosta, aliyeishi Peru. Isitoshe, familia hiyo ilikuwa ya Kiprotestanti, haikuwa na sababu ya kuwapamba Wahispania Wakatoliki. Hata hivyo, shokoa haikuwa uzushi. Kuanzia miaka ya 1570, vijiji vililazimishwa kutoa wanaume wa kwenda migodini kwa zamu, na amri ya kuikomesha ilitolewa mwaka wa 1812.

Leo picha hizo mara nyingi huuzwa zikiwa kurasa zilizokatwa vitabuni, maelezo ya Acosta yakiachwa nyuma.