Sumu ya Nyoka wa Uluguru: Silaha ya Kuwindia na ya Kujikinga

Mvua za masika zinapokoma na mahindi kuanza kukauka katika mashamba yaliyo chini ya Milima ya Uluguru, panya huongezeka kwa wingi, na nyoka huwafuata panya. Mkulima naye huingia katika shamba hilo hilo alfajiri, mara nyingi akiwa na kandambili miguuni. Hapo ndipo silaha iliyokusudiwa panya humfikia binadamu. Ili kuelewa kwa nini jambo hili hutokea, yafaa kwanza kuitazama sumu yenyewe na kazi inayofanya.

Kiswahili kina neno moja tu, sumu, kwa mambo mawili ambayo wataalamu wa wanyama huyatenga. Iko sumu inayomdhuru yule anayeila au kuigusa, na iko sumu ambayo mnyama huiingiza mwenyewe katika mwili wa mwingine kwa jino au mwiba. Chura ana sumu ya namna ya kwanza katika tezi za ngozi yake, na jongoo hutoa majimaji makali yanayobakia vidoleni mwa mtoto anayemchezea. Sumu hiyo ni ya kujikinga tu. Haiwezi kumkamatia chura hata nzi mmoja. Nyoka, nge, tandu na buibui wana namna ya pili, ambayo hufaa kwa kuwinda na kwa kujikinga pia. Hata hivyo maumbile hayafuati sana mipaka ya wataalamu. Yuko panya mmoja wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna magome ya mti ule ule wanaouchemsha wawindaji kupata sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yake ubavuni. Habari hiyo ilithibitishwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011.

Sumu ya nyoka si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa protini nyingi, nyingine zikiwa vimeng'enya vinavyovunjavunja nyama ya mwili. Hutengenezwa katika tezi zilizo nyuma ya macho. Kuitengeneza ni gharama kwa mwili wa nyoka, naye haimwagi ovyo. Mara nyingine humwuma adui bila kumtia sumu hata tone. Nyoka hana faida yoyote ya kumwuma mtu, kwa kuwa hawezi kummeza. Humwuma kwa kuwa amekanyagwa, au amedhani kwamba anakaribia kukanyagwa.

Kifutu, ambaye kwingine huitwa bafe, ni mfano wa mwindaji asiyekimbia. Hujilaza kando ya njia ya panya, rangi yake ikifanana na majani makavu, akangoja kwa saa nyingi na hata siku kadhaa. Watafiti wa Afrika Kusini waliwajaribu mbwa waliofunzwa kunusa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mbwa hao walishindwa kutambua harufu ya kifutu aliye mafichoni. Huyo ndiye nyoka ambaye mkulima hutazamiwa kumwona gizani! Aidha, kifutu huweza kuuchezesha ulimi wake mfano wa mnyoo ili chura asogee karibu. Panya akifika, nyoka hurusha kichwa mbele, meno yake marefu yaliyokuwa yamekunjwa kinywani husimama, na sumu hupita ndani yake kama dawa ipitavyo katika sindano. Kisha humwachia panya aende. Kumng'ang'ania ni hatari, maana panya naye ana meno. Sumu hupasua vijishipa vya damu na kuanza kuoza nyama, na kifutu hufuata taratibu nyuma ya harufu mpaka amfikie aliyekwisha kufa. Kazi hiyo hiyo ya kuozesha nyama ndiyo humfanya mtu aliyeumwa kuvimba mguu wote, na pengine kuupoteza.

Koboko ana njia nyingine. Sumu yake huvuruga mawasiliano baina ya mishipa ya fahamu na misuli, hata misuli ya kupumulia ikalegea. Kwa ndege au panya, muda wa kutoroka ni mfupi mno. Mtu naye huweza kufa katika saa chache asiposaidiwa kupumua.

Juu mitini wako nyoka ambao meno yao ya sumu yako nyuma ya kinywa, nao huishi kwa vinyonga na ndege. Kwa muda mrefu hawa hawakuogopwa na wataalamu. Mwaka 1957, huko Chicago, Karl P. Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka, aliumwa na nyoka mchanga wa jamii hiyo kutoka Afrika. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine, na siku ya pili akafariki kwa kutokwa na damu ndani ya mwili.

Ndani ya msitu wenye ukungu, juu ya mashamba, huishi nyoka mdogo wa ukoo wa kifutu mwenye vijipembe juu ya macho. Hapatikani kokote duniani isipokuwa katika milima ya Tanzania kama Usambara, Uluguru na Udzungwa. Urefu wake hauzidi sana nusu meta, na hakuna dawa iliyotengenezwa mahususi kwa sumu yake.

Swila ndiye aliyegeuza silaha ya kuwindia kuwa ya kujikinga kutoka mbali. Matundu ya meno yake yanatazama mbele, si chini, naye huikamua sumu kwa misuli ikaruka meta 2 au zaidi kuelekea machoni mwa adui. Mwaka 2021 wanasayansi walieleza kwamba tabia hiyo ya kutema ilizuka mara tatu, kila mara peke yake, na kwamba katika kila ukoo sumu imeongezewa kimeng'enya kinachozidisha maumivu. Kwa kukamata panya maumivu hayana kazi. Kwa kumfukuza adui ndiyo kila kitu. Wako wanaodhani kwamba mababu wa kale wa binadamu, waliosimama wima na kushika mawe na fimbo, ndio walioyasababisha mageuzi hayo.

Wanyama wengine wamepata kinga. Nguchiro humkabili nyoka kwa kuwa vipokeo vya misuli yake vimebadilika umbo, na baadhi ya sumu za mishipa ya fahamu hazipati mahali pa kushika.

Binadamu hana kinga hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yasiyopewa kipaumbele, likikadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka. Mengi ya madhara huongezwa na matibabu ya papara. Kuchanja jeraha huzidisha kutoka damu, kunyonya hakutoi sumu, jiwe jeusi halina nguvu iliyothibitishwa, na kamba iliyokazwa sana huweza kuua mguu ambao kifutu peke yake asingeuua. Mgonjwa alazwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kifungwe ubao kisitikisike, na apelekwe hospitali upesi. Aliyetemewa na swila aoshwe macho mara moja kwa maji mengi safi.

Hospitalini tiba hasa ni dawa ya kuzuia sumu, ambayo msingi wake uliwekwa na Albert Calmette wa Ufaransa katika miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, na kinga hiyo husafishwa na kutiwa katika chupa. Dawa hiyo ni ghali. Kampuni moja ya Ufaransa iliacha mwaka 2014 kutengeneza aina iliyotegemewa sana Afrika. Tena mtoto mdogo huhitaji kipimo kile kile cha mtu mzima, kwa kuwa kifutu hampimi uzito anayemwuma.