Kitanda kipo, meza hakuna

Hoteli nyingi za Moshi zilijengwa kwa ajili ya mgeni asiyekaa. Mpanda mlima hutua uwanja wa ndege wa KIA jioni, hufika mjini usiku, hulala, na asubuhi gari la kampuni humchukua yeye na mizigo yake kwenda lango la Marangu, Machame au Londorosi. Siku sita au saba baadaye hurudi na vumbi mpaka masikioni, huoga, hugawa bahashishi kwa waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, hulala usiku wa pili, huondoka. Biashara ya malazi ya mji huu imemsoma mtu huyo kwa miaka mingi na inamhudumia vizuri: stoo ya kufungia mabegi, maji ya moto, kifungua kinywa cha mapema, mtu wa mapokezi anayejua namba ya kila kampuni ya kupandisha wageni.

Akija mgeni anayetaka kukaa wiki tatu huku akifanya kazi, anauziwa kitanda kilekile kwa bei ileile ya usiku mmoja. Siku ya pili tu anagundua kwamba mchana wake haukuwamo kwenye hesabu za mwenye hoteli. Chumbani kuna kimeza cha kuwekea chupa ya maji na tochi. Kiti hakuna, au kipo cha plastiki kibarazani. Soketi pekee iko nyuma ya kitanda. Modemu iko mapokezi, na kati yake na chumba chake pana kuta mbili za tofali. Tangazo lilisema intaneti ni bure, na kweli ni bure, ila inamlazimu kwenda kukaa karibu na kaunta, palepale wageni wapya wanapopokelewa na televisheni inapopiga kelele.

Wageni wa namna hii wameongezeka tangu korona iwafundishe waajiri kwamba kazi ya ofisini inaweza kufanyika popote. Wengine ni Wajerumani na Wamarekani, ndiyo, lakini wengi ni wa kwetu: mhasibu wa shirika la Nairobi, mtunzi wa programu wa Dar es Salaam, mfasiri, mshauri wa miradi, mtafiti aliyekuja kwa shughuli za hospitali ya KCMC au Chuo Kikuu cha Ushirika. Sambamba nao yupo msafiri wa peke yake, mwanamke au mwanamume, ambaye hana kundi, na pengine hana hata mpango wa kupanda mlima. Hawa wawili wana malalamiko yanayofanana, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Nchi haijakosa wageni. Watalii wa kimataifa walikuwa 620,867 mwaka 2020, mwaka wa korona. Mwaka 2024 walifika 2,141,895, na mapato ya utalii yalikuwa karibu dola bilioni 3.9. Lakini utafiti ambao Benki Kuu na wenzake huufanya kwa kuwahoji wageni wanaotoka nchini umekuwa ukionyesha mgeni hukaa takriban usiku 10 kwa safari nzima, yaani mbuga, mlima na Zanzibar kwa pamoja. Anayelala usiku 25 kwenye kijiji kimoja ni biashara nyingine kabisa, na bado hatujampangia bei, ratiba wala fanicha.

Ratiba ndiyo inayowaumiza wengi kabla hata ya meza. Moshi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi ya kule, na saa 7 wakati wa joto lao. Wakati huo wa baridi, anayefanya kazi na ofisi ya huko huanza saa 11 jioni na kumaliza saa 7 usiku. Jikoni kumefungwa tangu saa 3 au 4. Kama umeme umekatika, jenereta nalo huzimwa watu wakishalala, kwa sababu mpanda mlima anahitaji taa ya kupangia begi na kuchaji simu, basi. Asubuhi, saa ambayo mgeni huyu ndiyo kwanza amepata usingizi, kundi la watu kumi linapakia mizigo dirishani kwake, na akiamka saa 4 anaambiwa chai imeondolewa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Saa za nyumba nzima zimefuata mlima.

Umeme una historia yake. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, na wengi wetu huku kaskazini tulitarajia kukatika kukome. Tatizo ni umbali. Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka inayotokana na kusafirisha umeme kutoka kusini hadi huku. Yaani mwenye lodji anapaswa kupanga biashara yake akijua kwamba utakatika tena.

Hesabu ya kujikinga si kubwa kama inavyodhaniwa. Kompyuta mpakato hula wati 50 hivi, modemu wati 10. Betri ya kilowatisaa 1 pamoja na inveta yake, hata ukiondoa upotevu, inavibeba vyote viwili kwa zaidi ya saa 12. Jenereta la kuwasha hoteli nzima ni gharama nyingine, lina kelele, na mafuta yake humfanya mwenye nyumba aliwashe kwa kuhesabu dakika. Mgeni wa kazi haombi feni wala televisheni wakati wa giza. Anaomba kikao chake kisikatike.

Intaneti ni hadithi yenye pande mbili. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo mlimani, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Nchi iliyoweza hilo haikosi uwezo wa kupitisha waya hadi chumba namba 7. Upande wa pili ni mambo yaliyo nje ya mikono ya mwenye hoteli. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na mgeni wa kazi karibu kila mara huingia kwenye mifumo ya mwajiri wake kwa njia hiyo. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu aliyepoteza kazi ya wiki namna ile huchagua nchi nyingine safari ijayo, na wenzetu wanalijua hilo: Mauritius ilianzisha viza ya kukaa muda mrefu mwaka 2020, Kenya ikatangaza kibali cha wafanyakazi wa mtandaoni mwaka 2024. Viza yetu ya kawaida ya matembezi ni ya siku zisizozidi 90 na haimtambui mtu wa namna hii.

Ninachomdai mwenye hoteli ni kilicho ndani ya uwezo wake: kusema ukweli. Apime kasi chumba kwa chumba, mchana na usiku, aiandike kwenye tangazo. Aseme anatumia kampuni ipi, na kama ana laini ya simu ya akiba pale ile kuu inapolala. Mgeni akijua kwamba chumba cha nyuma hakishiki, atachagua cha mbele au atakwenda kwingine, na hatakuwa na la kulalamikia.

Kwa msafiri wa peke yake mambo ni ya bei na ya heshima. Bei huhesabiwa kwa wawili. Akilala mmoja hupunguziwa kidogo, kwingine hapunguziwi kabisa. Gari la kwenda maporomoko ya Materuni au chemchemi za Chemka linakodiwa zima, kwa hiyo yeye analipa viti vitano ili akalie kimoja. Lodji nne zilizo kwenye mtaa mmoja wa Shanty Town zingeweza kuwaunganisha wageni wao kwa ujumbe wa simu kila jioni. Bado kila moja humlinda mgeni wake kana kwamba ataibiwa.

Kuhusu heshima, wanawake ndio wanaojua zaidi. Daftari la wageni lenye safu za jina, kabila, utokako na uendako liko wazi juu ya kaunta, na yeyote anayesubiri soda anaweza kusoma kwamba chumba fulani kina mwanamke aliye peke yake. Namba ya chumba hutajwa kwa sauti. Mlango una kitasa kimoja ambacho ufunguo wake wa pili haijulikani uko kwa nani. Kuligeuza daftari, kushusha sauti na kufunga komeo la ndani hakugharimu hata bei ya chakula kimoja cha mchana. Inanisikitisha kwamba mambo mepesi namna hii bado yanasubiri mgeni alalamike.

Sasa tutoke mjini. Ukifuata barabara kuu ya Moshi hadi Himo, pale Uchira unakata kushoto na kupanda. Chini ni joto na mahindi. Juu ni migomba, kahawa, mifereji na ukungu, na Juni na Julai baridi yake inataka blanketi mbili. Hii ndiyo Kirua Vunjo. Haina lango la kupandia mlima kama Marangu, ndiyo maana haikupata hoteli kongwe wala mstari wa lodji. Kwa mwekezaji wa utalii wa mlima, Kirua ni mahali pa kupita.

Lakini Kirua ina nyumba. Kila anayetoka Uchagani anaelewa ninachosema: mtoto aliyefanikiwa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo hujenga nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la wazazi, nyumba yenye vyumba vinne, bafu ndani, tangi la maji na kibaraza kinachotazama Kibo. Desemba nyumba hizo hujaa. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, hulazimika kutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yabebe watu wa kaskazini. Wiki ya kwanza ya Januari wanaondoka, na nyumba hufungwa. Shangazi au kijana wa jirani hubaki na ufunguo, hufungua madirisha hewa ipite, hufagia majani. Miezi 11 mtaji wa mamilioni umelala.

Hapo ndipo naiona nafasi ambayo Moshi mjini haiwezi kuitoa. Anayetaka kukaa mwezi mmoja hahitaji mapokezi yenye saa ya dunia ukutani. Anahitaji ukimya, jiko, meza, umeme wa akiba na mtu wa kuzungumza naye jioni. Msafiri wa peke yake anayekula kiburu au machalari jikoni kwa mama hajisikii mpweke kama yule anayekula chipsi peke yake katika ukumbi uliopangwa meza 20.

Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha mjini kinauzwa Sh80,000 kwa usiku msimu ukiwa mzuri. Aprili, mvua za masika zikiwa zimewakimbiza wapanda mlima, kinalala kitupu. Chumba cha Kirua kikipangishwa kwa Sh35,000 kwa usiku kwa mwezi mzima, kinaleta Sh1,050,000. Ili chumba cha mjini kifikie hapo, kiuzwe usiku 13 na zaidi, na kila baada ya usiku mmoja au miwili mashuka yafuliwe, huku mtandao wa kuuzia vyumba ukikata kamisheni yake, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Mgeni wa mwezi hufuliwa mashuka mara moja kwa wiki, na kahawa, ndizi na mayai anayonunua yanatoka kwa majirani.

Yapo ya kutahadhari, na si madogo. Kihamba si kiwanja cha kuuza. Kwa desturi nyumba ya wazazi huwa ya mtoto wa kiume wa mwisho, na makaburi ya wazee yapo palepale mgombani. Mgeni lazima aambiwe wapi apite na wapi asipige picha, na familia nzima iwe imekubali kabla ya tangazo, isije ikawa ndugu mmoja anapangisha na mwingine anasikia kwa majirani. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, leseni inatoka Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bei iandikwe kwa shilingi. Na shangazi mwenye ufunguo, ambaye ndiye atakayepika, atakayefua na atakayeamshwa saa 7 usiku umeme ukikatika, apangiwe fungu lake kwa maandishi kabla mgeni wa kwanza hajafika. Asipopangiwa, biashara itabebwa na mwanamke asiyelipwa, kama ambavyo nyingi zimebebwa.

Barabara nayo ina lake. Masika, bodaboda zinateleza, na gari dogo linaweza kulala njiani. Anayefungua nyumba mwaka huu asianze Aprili. Aanze katikati ya Januari, na mgeni wa kwanza awe mtoto wa nyumba hiyo mwenyewe, yule mwenye kazi ya kompyuta ambaye kila mwaka hurudi Dar es Salaam mapema kwa sababu nyumbani hawezi kufanya kazi. Akae wiki mbili, alipe bei ileile, aandike kila kilichomkwamisha: soketi, kiti, baridi, saa ambayo mtandao hulegea. Orodha hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani kununulia vifaa.